Panya wa maabara na dawa ya kisukari

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Ni mwanafunzi hapa Kisumu. Tunawadunga panya dawa iitwayo streptozotosini ili wapate kisukari, kisha tunawajaribia majani ya mti fulani. Wengine hufa usiku uleule kwa degedege, nami hulia. Msimamizi anasema panya ni katika wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata katika Haram, eneo takatifu la Makka, hana haki. Mama yangu anatumia insulini na sasa anayataka majani hayo.

JIBU: Wa alaykum salaam binti yangu. Kutafuta tiba kwa mnyama kunafaa pakiwa na haja na hakuna njia nyingine. Insulini yenyewe ilipatikana Toronto mwaka 1921 kupitia mbwa waliotolewa kongosho.

Kinachonikera ni kauli ya msimamizi. Ni kweli panya ametajwa katika hao watano. Lakini ruhusa ya kuua imekuwa lini ruhusa ya kutesa? Mtume (s.a.w.) amesema, katika Sahih Muslim, kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, "basi mnapoua, ueni vizuri." Wema umeamrishwa palepale penye kuua! Hoja yake inamrudia mwenyewe. Na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataka majaribio kama haya yawe na leseni. Kulia kwako si udhaifu wa imani, mwanangu.

Tena vifo hivyo vingi vinazuilika. Streptozotosini huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, nazo zikifa humwaga insulini zilizokuwa nayo, sukari ikaporomoka. Kwa siku mbili za mwanzo wapeni maji ya glukosi, gramu 5 hadi 10 kwa mililita 100. Mpimeni kila panya uzito kabla ya kumdunga, maana kipimo cha dawa huenda kwa kilo. Kukisia ni dhulma. Wakishaugua hukojoa mno: badilisheni maranda kila siku, maji yasikatike. Aliyezidiwa asiachwe ateseke hadi afe, apewe nusukaputi ya kummaliza.

Kuhusu mama, naomba unisikilize sana. Asiache insulini hata siku moja. Kisukari cha panya wenu kimeletwa na sumu, na sukari yao kushuka hakutuambii majani yatafanya nini kwenye ini na figo za mtu. Akiyachanganya na insulini, sukari yaweza kushuka kupita kiasi: akitoka jasho, akitetemeka au akianza kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Mweleze kwa upole, kisha mwende pamoja kliniki na daftari lake la vipimo, mkamwambie daktari habari ya majani hayo bila kuficha.