Muulize Shangazi: Udi wangu unanuka sukari ilioungua, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nimeolewa huku Unguja natokea Morogoro, mama mkwe kanipa kopo zima la udi na chetezo cha udongo, lakini kila nikifukiza chumba kinajaa moshi na harufu ya sukari ilioungua, na kwake yeye ukipita tu nje unatamani uingie. Naona haya kumuuliza. Na hivi udi na ubani si kitu kimoja?
Bi harusi, Fuoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo unayoisikia ni sukari kweli. Udi wetu huu wa kupika vipande vya mti vinapikwa kwenye shira ya sukari, vinatiwa marashi, miski, ambari, kila nyumba na mkono wake, sasa ukiuweka juu ya kaa jekundu sukari inaungua kabla manukato hayajatoka. Moto wako mkali, basi. Washa makaa mawili matatu nje, yaache mpaka yavae jivu jeupe, ndo uyatie kwenye chetezo na uyafunike tena jivu kidogo, halafu weka kipande ka ukucha wa kidole gumba, usizidishe. Udi unatakiwa uyeyuke taratibu moshi uwe mwembamba, ukiona moshi mzito punguza kaa. Na yale makaa ya duara ya dukani yanayoshika kwa kiberiti yametiwa dawa ya kuwashia, nayo inanuka, kwaiyo subiri yageuke kijivu yote kwanza.

Nguo mie nazifukiza zikiwa na unyevu kidogo, nywele pia baada ya kuosha, zinashika harufu mpaka kesho yake.

Ubani ni kitu kingine kabisa, ni utomvu wa mti unaotoka Somalia na Dhofar kule Oman, hauna sukari, harufu yake kali na safi, ndo utausikia kwenye hitma na maulidi, na mie nauchoma jikoni nikishakaanga samaki. Halafu kuna udi wa mti mtupu usiopikwa, huo unatoka Asia, mti ukiingiwa na kuvu ndo unatoa utomvu mweusi unaonukia, mti usioingiwa na kuvu hauna kitu, ndo mana ni ghali vile na anaekuuzia kwa bei ya karanga kakuuzia kuni.

Tafadhali sana usilale na chetezo chumba kimefungwa. Gesi ya makaa haina harufu na inaua, fungua dirisha kisha kitoe nje kabla hujapanda kitandani. Na mama mkwe muulize mwanangu, siku anapika udi nenda kakae nae umkorogee, hakuna mama wa huku atakaekunyima hilo.

SWALI: Shangazi, mafuta ya udi na pafyumu ya kupuliza ipi nitumie Ijumaa? Kanzu yangu imepata doa.
Kijana wa Mombasa

JIBU: Pafyumu ina spiriti, inaruka haraka, kwaiyo inasikika mbali mwanzo halafu inapungua. Mafuta hayaruki haraka, yanakaa karibu na ngozi masaa mengi. Doa umelipata kwa kupaka mafuta kwenye nguo, paka shingoni na viganjani, yaache yaingie kwenye ngozi, ndo uvae kanzu. Kanzu yenyewe ifukize udi, moshi mwembamba hauachi doa la mafuta.

SWALI: Mwanangu ana pumu, nyumba nataka inukie.
Mama wa Tanga

JIBU: Pole dada. Moshi wote acha, udi, ubani hata zile njiti za kuchoma. Chuma asumini jioni zikiwa bado hazijachanua, ziweke kwenye kibakuli sebuleni, usiku zitafunguka zenyewe na nyumba itanukia. Chumbani kwa mtoto usiweke, na ukiona kifua chake kinabana hata kwa hizo zitoe pia.