FIV na ubongo wa paka: dalili za kuangalia, na makosa ya kuepuka

Paka shume anayerudi nyumbani na matundu ya meno shingoni ndiye aliye hatarini zaidi kupata FIV, virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, kwa sababu mate huingizwa na jino ndani ya nyama. Kula sahani moja na mwenzake huambukiza kwa nadra sana. Virusi hivi viligunduliwa California mwaka 1986. Ni jamaa wa VVU, lakini havimwambukizi binadamu.

Wengi husubiri paka akonde au fizi zioze, kumbe virusi huingia kwenye ubongo mapema, vikiwa vimebebwa na seli nyeupe za damu. Huko havishambulii sana seli za neva zenyewe. Hukaa ndani ya seli zinazolinda ubongo, nazo hutoa kemikali kali zinazoumiza neva zilizo jirani.

Dalili zake ni rahisi kuzidharau. Paka mpole anaanza kujificha au kuuma, aliyezoea sanduku la mchanga anakojoa kitandani, uso au ulimi unachezacheza, na wengine hupata degedege. Macho nayo husema mengi. Kwenye chumba chenye giza kidogo, mmulike kwa tochi hafifu sekunde moja au mbili. Mboni inatakiwa kujibana upesi iwe mstari mwembamba. Ikijibana kwa kusuasua, au moja ikiwa pana kuliko ya pili, chukua video umpelekee daktari wa mifugo.

Kosa kubwa ni kuisingizia FIV kila kitu kipimo kikishatoka chanya. Paka wengi wenye FIV hawaugui ubongo kabisa, na anayeugua huenda ana kimelea cha toksoplasma, fangasi wa kriptokoka au limfoma (aina ya saratani). Toksoplasma ina dawa: klindamaisini, kwa kawaida miligramu 10 hadi 12 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, wiki 4. Kidonge kikikwama kooni huchoma umio, kwa hiyo kila ukimpa, mteremshie mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Kama mtetemeko umeanza ghafla, uliza kwanza kama amepakwa dawa ya viroboto ya mbwa. Permethrini iliyomo humuua paka. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mkimbize kliniki. Na paka asiyechanjwa akigeuka mkali huku akitokwa mate, fikiria kichaa cha mbwa. Usimshike. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha damu cha FIV kirudiwe siku 60 baada ya paka kuumwa na mwenzake, maana kingamwili huchelewa kuonekana. Mtoto wa paka wa chini ya miezi 6 huweza kuonyesha chanya kwa kingamwili za mama yake tu.

Zidovudini, dawa ya kupunguza makali ya virusi, huwasaidia baadhi ya paka wenye dalili za neva, lakini huleta upungufu wa damu, hivyo mwezi wa kwanza damu ipimwe kila wiki.

Degedege likimshika, ondoa vitu vilivyo karibu, punguza mwanga, usitie kidole wala kijiko mdomoni, na uangalie saa. Likizidi dakika 5, au yakija mawili ndani ya saa 24, ni dharura. Usimnunulie vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, duka la dawa: vinaweza kuharibu ini la paka kwa siku chache tu.