Kuvuta trela la maembe kutoka Magarini hadi Malindi

Ndugu yangu, umeuliza kama trekta yako inaweza kuvuta trela la tani 5 lisilo na breki kutoka shambani Magarini hadi soko la Malindi. Inaweza kuling'oa, ndiyo. Kulisimamisha ndiko kwenye kazi. Trela likiwa zito kuliko trekta na halina breki zake, ukishika breki mteremkoni litaisukuma trekta na kuikunja ubavuni. Punguza mzigo, au utie breki kwenye trela kabla ya msimu.

Trekta ina pedali mbili za breki, kushoto na kulia. Shambani unazitumia mojamoja kupigia kona, lakini ukiingia lami zifunge pamoja kwa kile kichuma chake. Nakuomba sana hili usilisahau: ukikanyaga moja kwa kasi, trekta inapinduka. Mteremkoni shuka na gia nzito tangu juu, usiachie gia kamwe.

Maembe mazito yakae mbele kidogo ya ekseli. Yakijaa nyuma, trela linayumba. Pini inayounganisha trela na trekta iwe na kifungio, na minyororo ya akiba ifungwe.

Trela husajiliwa kivyake NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na namba yake huanza na herufi Z. Bima pia uiulizie.

Usiku usitoke. Bodaboda na matatu hawalioni trela lisilo na taa mpaka wamelifikia. Na vijana wasikae juu ya mzigo wala kwenye mkono wa trela, hata wakikusihi.