Ukimtazama Walter White, sikiliza visingizio vyake

Mashabiki wa Breaking Bad, tamthilia ya Marekani kuhusu mwalimu anayegeuka mpika dawa za kulevya, wakikutana hubishania swali lilelile: Walter White aliharibika lini? Huyu atasema ni pale alipomwangalia Jane, mpenzi wa mwenzake wa kazi Jesse, akifa bila kumsaidia, yule atataja mtoto Brock kulishwa sumu. Nimeirudia misimu yote mitano, na ushauri wangu ni kwamba uachane na kuhesabu maiti. Sikiliza anavyojitetea. (Kama hujaitazama ishia hapa, maana nasimulia mpaka mwisho.)

Msimu wa kwanza, wa 2008, utazame taratibu. Mwalimu wa kemia wa Albuquerque, mwenye miaka 50 na saratani ya mapafu, amemfungia muuza unga aitwaye Krazy-8 kwenye chumba cha chini na hana moyo wa kumuua. Anampelekea sandwichi, tena amemkatia kingo za mkate kwa sababu jamaa hazili. Anaandika kwenye karatasi sababu za kumwacha hai, zinajaa. Upande wa kumuua una moja tu: akimwachia, ataiangamiza familia yake. Anakaribia kabisa kumfungulia, mpaka anapounganisha vipande vya sahani iliyovunjika na kukuta kimoja hakipo: jamaa amekificha kiwe silaha. Anamnyonga huku akimwomba radhi.

Sasa ruka hadi msimu wa tano. Todd, msaidizi wao, amempiga risasi mtoto aliyewakuta jangwani. Walter anamwambia Jesse kuwa na yeye limemuuma. Jesse akienda pembeni kidogo, anamsikia mzee anapiga mluzi, kazi inaendelea. Maneno ni yaleyale ya kiungwana, ila ndani hamna kitu.

Kisingizio kikuu ni familia, na hicho kifuatilie kwa pesa. Mwanzoni mwa msimu wa pili anapiga hesabu: dola 737,000 zitawatosha wanawe na nyumba. Baadaye mkewe Skyler anamwonyesha ghala lenye rundo la noti ambalo hata yeye, mhasibu, ameshindwa kulihesabu. Lakini usisubiri ghala. Tangu msimu wa kwanza marafiki wa zamani walikuwa tayari kumlipia matibabu, akakataa kwa kiburi. Kwangu hiyo sehemu inazidi mauaji yote kwa uzito. Sehemu ya mwisho, 2013, anakiri mwenyewe mbele ya Skyler kwamba alifanya kwa ajili ya nafsi yake, na alipenda.

Jipime pia: unamchukia nani? Bryan Cranston anamwigiza Walter vizuri mno, unajikuta upande wake bila kutaka. Anna Gunn, aliyeigiza Skyler, alilazimika kuandika kwenye New York Times mwaka huohuo kuhusu chuki aliyopata kwa watazamaji. Kwa hiyo Skyler akianza kukukera, rudi nyuma kidogo uangalie kakosa nini. Msimu wa pili unapoanza, kosa lake ni kumuuliza mumewe kama ana simu ya pili.