Mashine ya CNC haioni: ushauri kwa wanaoanza

Kitu cha kwanza kuelewa kuhusu hizi mashine ndogo za CNC za mezani, yaani zinazokata kwa kuongozwa na kompyuta, ni kwamba hazioni. Nyingi hutumia mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) zisizo na kihisi cha kurudisha taarifa. Zikiagizwa kusogea, zinazunguka, na mashine inaamini tu kwamba imefika. Biti (kisu kinachozunguka na kukata) ikikwama kwenye fundo la mbao na mota ikaruka hatua kadhaa, itaendelea kukata kwa bidii ileile, ila pasipo mahali pake. Klampu ikiwa njiani, itakatwa klampu. Ndiyo maana kazi kubwa ya CNC hufanyika kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza.

Ukimaliza kuiunganisha, usikimbilie kukata. Pima fremu kutoka kona hadi kona, pande zote mbili za mshazari. Vipimo vikitofautiana, legeza boliti, nyoosha, kaza upya. Kisha kagua hatua kwa milimita, yaani hatua ambazo mota hupiga ili mashine isogee milimita moja. Mota ya hatua 200, draiva (saketi inayoendesha mota) inayogawa kila hatua mara 16, na skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko mmoja: 200 × 16 ÷ 8 = 400. Kama mashine yako inaendeshwa na GRBL (programu inayogeuza amri za faili kuwa mwendo), namba hizo ziko kwenye mipangilio ya $100, $101 na $102, kwa X, Y na Z. Iagize isogee milimita 100, upime kwa venia (kipimo cha taya). Ikisogea 50 au 200, mpangilio una kasoro. Ikipungua kidogo tu, usiguse namba kwanza; angalia kiungo kinachounganisha mota na skrubu. Mara nyingi ni kaskrubu kamelegea, na mtu ameshinda siku nzima akibadilisha namba bure.

Koleti, yaani kishikio cha biti, nayo ina adabu zake. Zile za saizi ya ER11 huingizwa kwanza ndani ya nati mpaka usikie "tik", ndipo uweke biti, ndipo ukaze kwa spana mbili. Ukiitumbukiza koleti peke yake kisha ukafunika na nati, biti itayumba, na siku ya kufungua koleti itabaki imenasa humo ndani. Biti itokeze kiasi cha kazi tu, maana ikiwa ndefu hupinda na kupiga kelele.

Kipande kifungwe kwa klampu, jiliwa au mkanda wa gundi pande mbili. Kamwe usikishike kwa mkono. Kama unakikata mpaka chini, acha vishikizo vidogo visivyokatwa ili kisichomoke na kurushwa na biti.

Kuweka sifuri ya Z (mahali mashine inapoanzia kuhesabu mwendo wa juu na chini; X na Y ni wa pembeni na wa mbele na nyuma), hakikisha biti haizunguki, weka karatasi juu ya kipande, kisha shusha polepole mpaka karatasi ianze kukwaruzwa. Karatasi ya kawaida ina unene wa milimita 0.1 hivi. Baada ya hapo endesha faili lote hewani, sifuri ikiwa imeinuliwa milimita 20, macho yakifuata biti. Hapo ndipo utakapogundua kwamba faili limeandikwa kwa inchi, yaani amri ya G20 badala ya G21 ya milimita, au kwamba mwendo wa G0 (wa haraka, bila kukata) unapita juu ya klampu au katikati yake.

Kasi ya mwendo haikisiwi. Zidisha mizunguko kwa dakika, idadi ya makali, na unene ambao kila kali linatakiwa kung'oa. Mizunguko 10,000, makali 2, milimita 0.05: unapata milimita 1,000 kwa dakika. Mashine ikilalamika, wengi hupunguza mwendo. Mimi hupunguza kina kwanza. Tazama kinachotoka: kwenye mbao unataka maranda madogo. Ukiona unga mtupu na harufu ya kuungua, biti haikati tena, inasugua, na joto hilo laweza kuwasha moto kwenye vumbi. Kwa hiyo usitoke chumbani ikiwa inafanya kazi, hata kwa simu ya dakika moja.

Miwani ya usalama ni lazima, na barakoa ya vumbi pia, hasa kwa MDF (mbao za nyuzi zilizogandamizwa) na bodi za saketi zenye nyuzi za kioo. Glovu vua: zikinaswa na biti zinavuta mkono mzima.

Swichi ya dharura iwe upande ambao mkono wako unafika bila kuvuka mashine. Kusimamisha kwa programu husitisha mwendo tu. Biti inaweza kuwa bado inazunguka. Na ukishakata umeme, usiamini tena sifuri, iweke upya. Kwa sababu hiyo napenda kuweka sifuri ya X na Y kwenye kona ya kipande, na ya Z juu ya meza badala ya juu ya kipande. Katikati ya kipande panaweza kuwa pameshachimbwa, ila kona na meza bado utavikuta.