Mume wangu anataka tuuze shamba la kahawa kwa sababu Yesu anarudi 2028

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunalima kahawa na mahindi huku Mbozi. Tangu mwaka jana mume wangu anasali na kikundi cha nyumbani. Mtumishi anayewafundisha anasema mtini wa Mathayo 24 ni Israeli iliyochipua mwaka 1948, na kizazi ambacho Yesu alisema hakitapita ni miaka 80 kwa Zaburi ya 90, hivyo mwisho ni 2028. Mume wangu anataka tuuze ekari mbili za kahawa ili fedha "itangulie mbinguni". Tena wanauziwa kichupa cha mafuta kwa shilingi 50,000, na mimi naambiwa nisipopakwa nitaachwa kama wale wanawali watano. Je, hesabu hiyo ni ya kweli? Na mimi nijiandaeje ili Bwana akija anikute tayari?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Barua za namna hii zinanifikia hapa Mbeya kila mwaka mvua zikikaribia, wakati watu wana fedha ya mazao mkononi na bado hawajanunua mbolea. Wauza tarehe wanaujua msimu huo kuliko maafisa ugani.

Kwamba Kristo atarudi, hilo mimi na wewe na mumeo hatubishani. Matendo 1:11 imesema, na ni tumaini ninalolihubiri kila ninapozika mtu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ukiikataa tarehe umekataa unyakuo.

Hesabu yenyewe haichukui muda mrefu kuibomoa. Fungua Luka 21:29, mahali Bwana anapotoa mfano uleule wa mtini: "Utazameni mtini na miti mingine yote." Kama mtini ni Israeli, miti mingine yote ni mataifa gani, na yalichipua mwaka gani? Mtumishi hausomi mstari huo kwa sababu unamharibia hesabu. Bwana anasema jambo ambalo mkulima yeyote analielewa: majani yakichipua, unajua majira yamebadilika. Na Zaburi ya 90 ni sala ya Musa juu ya ufupi wa maisha ya mwanadamu. Miaka 70, na tukiwa na nguvu 80, ndiyo umri wetu sisi. Haikuandikwa ili ijumlishwe na 1948. Mistari miwili mbele Musa anaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu, ili tujipatie moyo wa hekima. Siku zetu, mama. Siku ya Bwana ameiweka Baba katika mamlaka yake mwenyewe, na Mathayo 24:36 inasema hata malaika hawaijui.

Tena hesabu hii si mpya. Kizazi kilipohesabiwa kuwa miaka 40, mwaka wa mwisho ulikuwa 1988, na Mmarekani Edgar Whisenant akasambaza kijitabu kilichotaja Septemba ya mwaka huo. Ilipopita akasogeza hadi 1989. Wengine wakapandisha kizazi hadi miaka 70, ikawa 2018. Sasa ni 80. Mwaka ukipita, wanabadilisha kipimo, na wafuasi wapya hawaambiwi kwamba kipimo kiliwahi kuwa kingine.

Sasa niseme lile linaloniudhi kuliko hesabu, yaani hayo mafuta.

Nimeletewa vichupa hivyo ofisini zaidi ya mara moja. Ni vya plastiki, havizidi kidole cha mkono, vina kizibo chekundu na karatasi iliyobandikwa picha ya mhubiri amevaa suti. Nilipofungua kimoja nikamimina kidogo kwenye kiganja, yalikuwa mafuta ya kupikia, ya alizeti kwa jinsi nilivyoona, yaliyotiwa marashi. Mama aliyekileta alikuwa ameuza debe tatu za mahindi ya chakula ili akinunue. Sina subira na biashara hii, na sitaki kujifanya ninayo.

Wanaouza hutumia Mathayo 25:9, ambapo wanawali wenye busara wanawaambia wenzao waende kwa wauzao wakajinunulie. Wanasema, unaona, mafuta yananunuliwa. Lakini mstari wa 10 unasema kilichowapata: walipokuwa wakienda kununua, bwana arusi akaja, na mlango ukafungwa. Waliofungiwa nje ni walewale waliokuwa njiani kwenda dukani. Kumtoa mtu nyumbani kwake akanunue utayari ni kumweka upande wa wanawali wapumbavu.

Rudi nyuma hadi mstari wa 5, usome taratibu: "Hata bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote kumi. Wenye busara nao walilala. Kwa hiyo tofauti yao haikuwa kwamba hawa walikuwa na wasiwasi usiku kucha na wale hawakuwa nao. Wala hakuna hata mmoja aliyejua saa. Wote kumi walikuwa na taa, na zote ziliwaka mwanzoni. Tofauti ni kwamba wapumbavu walijiandaa kungoja kwa muda mfupi. Walidhani bwana arusi yu hapo nje, mafuta yaliyomo ndani ya taa yatatosha. Wenye busara walichukua na ya akiba katika vyombo vyao, kwa sababu walikubali kwamba anaweza kukawia.

Hili ndilo nataka umeze vizuri, mama, kwa maana watu wengi wamelielewa kinyume. Anayeuza shamba kwa sababu Bwana anakuja mwaka fulani anajiona ndiye mwenye imani kubwa na ndiye aliye macho. Kwa mfano wa Bwana mwenyewe, yeye ndiye aliyebeba mafuta ya usiku nusu. Na 2029 itakapoingia, kama Bwana hajaja, hatakuwa na shamba, na mara nyingi hatakuwa na imani pia. Nimewaona wa namna hiyo. Hawarudi kwenye makanisa waliyotoka. Wanakaa nyumbani, na ukiwatajia Biblia wanageuza uso.

Luka 19 inasema wazi kwa nini Bwana alitoa mfano wa mafungu ya fedha: kwa sababu watu walidhani ufalme wa Mungu utaonekana mara. Na neno aliloliweka katika mfano huo kwa ajili ya watu wa haraka namna hiyo lilikuwa "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Katika Mathayo 24:45 mtumwa anayesifiwa amewekwa awape watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake, na bwana wake akija anamkuta akifanya hivyo. Anakutwa akigawa chakula. Watoto wako wanne ndio watu wa nyumbani, na kahawa ile ndiyo ada yao na daftari zao. Ukishang'oa kahawa au kuiuza, mche mpya utakuweka kama miaka mitatu kabla hujapeleka gunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mumeo asome 1 Timotheo 5:8, mstari mgumu sana kwa mwanamume asiyewatunza wa nyumbani mwake. Asome na 2 Wathesalonike 3, maana Thesalonike nako walikuwepo waliotishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na walioishi bila kufanya kazi, na Paulo akaagiza asiyetaka kufanya kazi asile.

Wazee waliotuletea Injili nyanda hizi walikuwa watu wa kumngoja Kristo kwelikweli. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wa Berlin wakafika Unyakyusa mwaka huohuo. Walihubiri kurudi kwake, kisha wakajenga kwa mawe na matofali, wakafungua shule ambazo faida yake walijua wataiona wajukuu wa watu waliowafundisha. Hawakuona mgongano wowote, na haupo.

Na wewe umeuliza ujiandaeje, swali lililo jema kuliko la mumeo. Mlango ulipofungwa, jibu kutoka ndani lilikuwa "siwajui ninyi." Hakuuliza nani alipakwa. Katika Mathayo 7 wanaofukuzwa ni watu waliotoa unabii na kutoa pepo kwa jina lake, na jibu ni lilelile. Kwa hiyo utayari ni kujulikana naye: kumwamini Kristo kwa ajili ya dhambi zako na kuishi naye leo, kwa toba ya kila siku. Yohana anasema mwenye tumaini hili hujitakasa. Kama una jirani hamjasalimiana tangu ugomvi wa mpaka, nenda kwake wiki hii. Kama kuna kibarua aliyekuchumia kahawa hujamlipa, mlipe. Deni la VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, lirudishe. Aliyekuwa akiwafungia wakulima lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kisha akaacha, amejiandaa kwa Bwana kuliko aliyefunga siku arobaini huku magunia yake yakiendelea kuwaibia watu. Sali, soma Neno, shiriki meza ya Bwana na kanisa lako, lima kwa wakati. Wengi wetu tutakutana naye kwa njia ya kifo kabla ya parapanda, na kifo hakimpi mtu nafasi ya kufunga hesabu zake.

Na sasa nawaambia wote wanaosoma, maana jambo hili limevuka nyumba ya mama huyu.

Tarehe zimewahi kutajwa na watu wenye akili na bidii kuliko mtumishi wa Mbozi. William Miller huko Marekani aliisoma Biblia miaka mingi, na wafuasi wake wakangoja tarehe 22 Oktoba 1844. Wakulima kadhaa waliacha mazao shambani bila kuvuna. Jirani zetu ng'ambo ya ziwa, Malawi iliyoitwa Nyasaland wakati huo, walimsikia Elliot Kamwana tangu 1908 akihubiri kwamba mwisho ni 1914. Harold Camping alitaja 21 Mei 2011, kisha 21 Oktoba, na watu wakatoa akiba zao kulipia matangazo. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Hao walipoteza mali na aibu ikawashika. Kuna waliopoteza zaidi. Kanungu, Uganda, watu waliuza walivyokuwa navyo wakingoja mwisho wa 1999. Ulipopita wakaanza kuuliza fedha zao, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi.

Mambo haya huanza na tarehe, kisha mali inauzwa, kisha mnatengwa na ndugu na kanisa mlilozoea kwa kuwa "hawana ufunuo". Mtumishi anayekuambia usimwambie mchungaji wako wala mzazi wako alichokufundisha, mkimbie. Anayeuza kitu chochote na kukiita utayari, chupa, leso, stika ya mlangoni, maji, ni mfanyabiashara na amedanganya kuhusu bidhaa yake. Paulo aliwatahadharisha Wathesalonike wasifadhaishwe hata na waraka uliojifanya umetoka kwake. Sembuse ujumbe wa WhatsApp.

Mama, usigombane na mumeo usiku mbele ya watoto. Mwombe msome Mathayo 24 na 25 yote mawili kwa pamoja, kwa siku kadhaa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari, na mzee wa kanisa mnayemheshimu nyote awe nanyi. Kuhusu shamba, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ya mauziano. Nenda ofisi ya kijiji kabla mnunuzi hajafika, mweleze mwenyekiti na mtendaji kwamba ni ardhi ya familia na wewe hujaridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kuhusu ekari hizo muulize msaidizi wa kisheria wa kata yenu au ustawi wa jamii pale wilayani. Na siku utakaposikia kikundi hicho kinasema watoto nao wafunge, au wasiende shule, au mhamie porini kungoja, usisubiri ushauri wangu. Wachukue watoto uende kwa wazazi wako, na utoe taarifa polisi siku hiyohiyo.