Sarkoma ya mdomoni: kipande kwanza, kisu baadaye

Pole sana, dada. Umeuliza kama uvimbe wa ulimini wa kaka yako, unaoshukiwa kuwa sarkoma (saratani inayoanzia kwenye tishu kama misuli, mafuta au mifupa), ukatwe wote ndipo upimwe. Hapana, nawaomba msiharakishe hivyo. Kwanza hutolewa kipande kidogo kikapimwe na mtaalamu aliyezoea sarkoma, kwa sababu chini ya darubini aina zake hufanana mno, na mara nyingi huhitaji vipimo vya kingamwili, yaani kipande hicho kutiwa kingamwili zinazoonyesha protini za seli zake, ili zitofautishwe. Uvimbe ukikatwa kwa kubahatisha, mabaki yanaweza kubaki, na upasuaji wa pili huwa mgumu zaidi.

Kisha hupigwa picha ya MRI (ya sumaku) ya mdomo na shingo, na ya CT (eksirei ya kompyuta) ya kifua, maana sarkoma nyingi husambaa kwa njia ya damu hadi mapafuni.

Kwa mtu mzima tiba kuu ni upasuaji unaoondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka; mionzi huongezwa ukiwa mkubwa au mkali. Rabdomiosarkoma, sarkoma ya seli za misuli ambayo huwapata zaidi watoto, ni habari nyingine: hiyo haikosi tibakemikali. Ndiyo maana jina kamili la aina yake lijulikane kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa.